Kompyuta ya Babu Haina Kosa

Juma hili nataka tuzungumze habari ya nyaya. Usigeuze ukurasa upesi, ewe mama uliyeshika gazeti hili huku maharage yako yakichemka. Jambo hili lilileta ugomvi katika nyumba moja hapa kwetu Kamuli, na huenda likaingia nyumbani kwako kesho, kama halijaingia bado.

Nyumba ninayoisema ni ya mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Mezani pake ana kompyuta kuukuu, nzito kama kreti la soda, aliyoachiwa na mwanawe miaka mingi iliyopita. Kwa kompyuta hiyo mzee huandika hesabu za kahawa za wenziwe katika chama cha msingi: fulani kaleta kilo ngapi, kalipwa ngapi, anadai ngapi. Kazi hiyo haimletei fedha, ila yampa heshima. Watu humwamini, maana hesabu zake hazikosei.

Mwaka jana watoto wake walio mjini walichanga fedha wakamletea kisanduku cha intaneti, yaani ruta. Kisanduku hicho hupokea intaneti kutoka mnara wa simu, kwa laini kama ile iliyomo katika simu yako, kisha huigawa kwa nyaya. Labda utaniuliza: mbona nyaya, na watu wengine hutumia hewa tu? Kwa sababu kuta za nyumba ile ni nene, na chumba cha mjukuu wa kiume kipo ng'ambo ya ua. Hewani ilifika imechoka. Basi zikavutwa nyaya tatu: mmoja kwa mzee, mmoja kwa mjukuu wa kiume apigaye picha za video za arusi, na mmoja kwa mjukuu wa kike aliyemaliza kidato cha sita. Huyu binti alikuwa akitayarisha maombi ya mkopo wa masomo ya juu. Maombi hayo hupelekwa kwa intaneti, na dirisha likifungwa limefungwa.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Halafu, kila jioni, intaneti ikaanza kutambaa. Kijana akatafuta kisa, akakipata mezani pa babu yake. Akamwambia kwa adabu, lakini akamwambia: "Shikamoo babu. Usikasirike, ila mashine yako ndiyo inayotuchelewesha. Ni ya mwendo wa zamani. Ng'ombe mmoja kilema huchelewesha kundi zima."

Mzee akajibu maneno mawili tu: "Basi, ichomoeni."

Wakaichomoa. Siku mbili za kwanza kijana alisema, "Mnaona? Imekuwa nyepesi." Siku ya tatu ikatambaa tena kama kwanza. Lakini waya wa mzee haukurudishwa. Alikuwa amezoea kupokea orodha za mizani kwa intaneti na kuzihesabu kwa mashine. Sasa alinakili kwa mkono kutoka karatasi za watu, na macho yake si ya ujana. Katika kunakili, magunia mawili ya mama mmoja mjane yakarukwa. Mama yule akaja uani asubuhi, akasimama, akauliza kwa upole: "Mwalimu, nimekosa nini?" Ndipo nyumba nzima ilipoona aibu, na ndipo nilipoitwa mimi, kwa kuwa hujulikana kuwa nashinda na kompyuta ofisini.

Basi swali letu la leo ni hili: katika nyumba yenye mtandao wa nyaya, je, mashine ya mwendo wa pole huzichelewesha za mwendo wa mbio?

Jibu kwa ufupi: zamani, ndiyo. Siku hizi, kwa nyaya, hapana. Isipokuwa katika hali chache nitakazozitaja. Sasa nifuate polepole.

KIKAO CHA SAUTI MOJA

Mtandao wa nyaya unaotumika leo karibu ulimwenguni kote huitwa Etheneti. Ulianza mwaka 1973 huko California, Marekani, katika nyumba ya utafiti ya kampuni ya Xerox. Waliouanzisha ni Robert Metcalfe na mwenzake David Boggs. Mwendo wake wa kwanza ulikuwa karibu megabiti 3 kwa sekunde. Megabiti ni kipimo cha habari zipitazo katika waya, kama debe lilivyo kipimo cha mahindi.

Siku zile kompyuta zote zilifungwa katika waya mmoja. Fikiri kikao cha wazee chini ya mti. Asemapo mmoja, wote husikia, na wote hunyamaza. Wawili wakianza kusema pamoja, hakuna asikilizwaye. Basi wote wawili hunyamaza kidogo, kisha mmoja huanza tena. Ndivyo zilivyofanya kompyuta zile. Mwaka 1990 ulipokubaliwa mtindo wa nyaya nyembamba zilizosokotwa, wa megabiti 10, kompyuta zikaanza kukutana katika kisanduku kiitwacho habu. Lakini habu nayo ilikuwa kikao kile kile. Neno lililoingia kwa mlango mmoja lilitoka kwa milango yote.

Habu nyingi zilijua mwendo mmoja tu. Ukitaka kifaa cha zamani kiweze kukaa na wenziwe, ilikubidi utumie habu ya mwendo wake, na wote wakaenda kwa mwendo huo. Kwa hiyo wakati ule kijana wetu angekuwa na haki. Ng'ombe kilema kweli aliweza kulichelewesha kundi.

KARANI WA VIFURUSHI

Halafu, mwaka 1990 huo huo, kampuni moja ya California iitwayo Kalpana ikaleta sokoni kisanduku cha namna nyingine, yaani swichi. Usichanganye na swichi ya taa ukutani. Swichi hii ni kama karani hodari wa posta. Kifurushi kikifika, yeye hakipigii kelele kijiji kizima. Hukipokea, hukiweka kwanza katika ghala yake ndogo, husoma kinakwenda kwa nani, kisha hukitoa kwa mlango wa mwenyewe peke yake.

Angalieni maana ya jambo hili. Madhali kifurushi hupumzika ghalani, mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea haulazimiki kuwa na mwendo mmoja. Mwenye pikipiki hukileta mbio, akaondoka. Mwenye baiskeli hukichukua kwa mwendo wake. Na wale wengine wawili wenye pikipiki huendelea kupelekeana vifurushi vyao kwa milango yao. Habari za baiskeli haziwahusu.

Mwaka 1995 ulikuja mtindo wa megabiti 100, na mwaka 1999 mtindo wa megabiti 1,000 kwa nyaya za shaba za kawaida. Unapochomeka waya, vifaa viwili vilivyo kwenye ncha zake huulizana kwanza: "Wewe wajua miendo gani?" Kisha huchagua ule wa juu ambao wote wawili wanaujua. Mapatano hayo ni ya waya huo peke yake. Mashine ya babu ikapatana na kisanduku kwa 100, ya mjukuu ikapatana kwa 1,000, kila moja kwa mlango wake. Hakuna anayempunguzia mwenzake.

Ruta nyingi za nyumbani za siku hizi zina swichi ndani yake. Ile milango miwili, mitatu au minne ya nyuma ndiyo hiyo. Nyumba ya mzee ilikuwa na ruta ya namna hiyo.

TUKAPIMA

Maneno hayamshawishi kijana, na ni haki yake. Basi tukapima. Tulichukua picha ya arusi moja, ukubwa wake gigabaiti 1, ambayo ni kama megabiti 8,000. Tuliihamisha kutoka kompyuta ya kijana mpaka ya dada yake. Lakini tulianza vibaya, maana picha ile ilikwenda kama mtu mwenye homa, mara ikasimama kabisa. Na kompyuta ya babu ilikuwa imezimwa! Kijana akanyamaza. Mimi nikasema, "Haya, tufuate nyaya."

Kosa la kwanza tulilikuta nyuma ya kitanda cha binti. Panya alikuwa ameguguna waya. Ndani ya waya wa mtandao mna nyuzi nane, jozi nne. Mwendo wa 100 hutumia jozi mbili tu. Mwendo wa 1,000 huzitaka zote nne. Jozi mbili za binti zilikuwa salama, ya tatu imekatika, na ya nne yashika na kuachia. Taa ya mlango wake katika ruta ilikuwa ikizimika na kuwaka, ikizimika na kuwaka. Ndiyo sababu kila alipotuma vyeti vyake, vilikatikia njiani. Alikuwa amelia usiku mbili tatu akidhani ni mashine ya babu.

Kosa la pili lilikuwa katika kompyuta mpya ya kijana mwenyewe. Rafiki yake alimfundisha kwamba akitaka mbio aingie mahali pa kupanga mwendo wa waya na kuuchagua kwa mkono. Akachagua 100 na kusema na kusikia kwa pamoja. Sasa sikilizeni ajabu hii. Ncha moja ya waya ikilazimishwa kwa mkono, huacha kuulizana. Ncha ya pili hutambua mwendo kuwa ni 100, lakini haiwezi kutambua kwamba mwenzake husema na kusikia pamoja. Basi huchagua njia ya hadhari: kusema kwa zamu, kama redio ya askari. Mmoja ni kama yupo katika simu, mwingine ni kama yupo katika redio ya zamu. Huyu wa zamu kila akisema anasikia mwenzake naye anasema, hudhani pametokea mgongano, hukitupa kifurushi na kuanza tena. Kazi ikiwa ndogo huoni kitu. Kazi ikiwa kubwa, kama picha za arusi, ni mateso matupu.

Tukabadili waya wa binti. Tukarudisha kompyuta ya kijana ijichagulie mwendo yenyewe. Tukapima tena: sekunde 10. Nikamwambia mzee, "Mwalimu, sasa washa yako, na waya wake urudi." Akawasha. Tukapima mara ya tatu: sekunde 10. Tukapeleka picha ile ile kwa mashine ya mzee: dakika moja na nusu hivi. Naam, yeye ni wa baiskeli, hakuna aliyebisha. Lakini baiskeli yake ilikwenda kwa njia yake.

DARAJA NDILO JEMBAMBA

Kijana akauliza swali zuri: "Hayo ni ya ndani ya nyumba. Na intaneti ya jioni je? Mbona bado hutambaa?"

Tukapima intaneti yenyewe saa 4 asubuhi, tukapata megabiti 15. Tukapima saa 2 usiku, tukapata 5. Hesabu iko wazi. Waya wa babu wapitisha 100, na intaneti iingiayo nyumbani ni 5. Hata ule mtindo wa mwaka 1990 wa megabiti 10 ungetosha kuipokea yote na kubakiza nafasi. Picha ile iliyokwenda kwa sekunde 10 ndani ya nyumba ingechukua karibu dakika 27 kuingia kutoka nje kwa megabiti 5.

Wazee wetu wanakumbuka Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipolivunja daraja la Kyaka juu ya mto Kagera. Siku zile mwenye lori jipya na mwenye gari bovu walisimama pamoja ukingoni. Ungenunua gari la mbio namna gani, mto ulikuwa mto. Ndivyo ilivyo kwa intaneti. Mpaka mwaka 2009 Tanzania ilitegemea setilaiti kwa sehemu kubwa. Mwezi wa Julai mwaka huo waya mkubwa wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. Njia ile ya baharini ni pana mno. Lakini hatua ya mwisho, kutoka mnara wa simu hadi nyumba yako, ni daraja jembamba, nasi tunaligawana kijiji kizima. Jioni watu wakirudi shambani, kila simu huamka.

Mzee naye alikuwa akiwasha mashine yake jioni, arudipo kwenye migomba. Kwa hiyo kila alipowasha, intaneti ilitambaa! Kijana aliona mambo mawili yakitokea saa moja, akadhani moja limezaa jingine. Jogoo akiwika jua huchomoza. Je, ni jogoo alilolileta?

Kisha nikamwuliza: "Wewe jioni hufanya nini?" Akasema huwatumia wateja wake wa Bukoba na Kayanga picha za arusi. Picha hizo zilijaza daraja kuanzia saa 12 jioni hata saa 5 usiku. Hakufanya kosa, ni kazi yake, na yampa riziki. Lakini aliyekuwa akilijaza daraja ndiye aliyemshitaki mwenye baiskeli.

NENO HILI LINA MZIZI

Msidhani kijana alibuni tu. Neno "kifaa cha pole huchelewesha vyote" lina ukweli wake mahali pengine. Nawe mwenye busara yafaa uyajue mahali hapo, usije ukamlaumu asiyestahili, wala ukamwachilia mwenye kosa.

Kwanza, hewani. Vifaa vinavyopokea intaneti bila waya bado hufanya kikao cha chini ya mti: husema kwa zamu katika hewa ile ile. Simu ya zamani, au simu iliyo mbali huko jikoni, hutumia muda mrefu kusema neno lile lile, na wengine hungoja. Hapo ng'ombe kilema huchelewesha kundi. Kijana alisikia habari ya hewani, akaipeleka katika nyaya.

Pili, habu ya zamani. Kama umepewa kisanduku kilichotumika ofisini miaka ya 1990, tazama maandishi yake. Kama ni habu, kiweke pembeni.

Tatu, kifaa cha pole kilichokaa katikati ya njia. Ukiweka swichi ya megabiti 100 kati ya ruta na vyumba vitatu, wote watatu watapita katika tundu la 100 waendapo upande wa pili. Mwenye baiskeli akiwa kwenye njia yake si kitu. Akisimama mlangoni, hakuna apitaye.

Nne, kama mashine kuukuu ndiyo ghala ya nyumba, yaani picha na vitabu vyote vimewekwa humo, basi kila aendaye kuchukua atapewa kwa mwendo wa mwenye ghala. Weka ghala katika mashine ya mbio.

Tano, zipo swichi chache ambazo ghala yao ndogo ikijaa humwambia mpelekaji, "Ngoja kidogo." Mpelekaji akisimama, husimama kwa wote, hata kwa vifurushi vya wale wa mbio. Nyumbani jambo hili ni nadra, lakini lipo.

YA KUFANYA NYUMBANI KWAKO

Basi, msomaji, ukiona mtandao wa nyaya umelegea, usikimbilie dukani, wala usimnyang'anye mtu waya wake. Fanya hivi kwa utaratibu.

Tazama taa za milango kwanza. Rangi zao si sawa kwa watengenezaji wote, kwa hiyo soma karatasi iliyokuja na kisanduku. Aghalabu rangi moja ni ya 1,000 na nyingine ya 100. Taa inayozimika na kuwaka bila kazi yoyote kuendelea, au kutoweka kwa muda kisha kurudi, ni dalili ya waya mgonjwa au kichwa kilichobanwa vibaya.

Badilishana nyaya. Waya wa chumba kizuri upeleke kwa chumba kigonjwa. Ugonjwa ukihama pamoja na waya, mgonjwa ni waya. Ukibaki chumbani, mgonjwa ni mashine au mlango. Jaribu kitu kimoja kwa mara moja. Ukibadili vitatu kwa pamoja hutajua kilichoponya.

Pima ndani ya nyumba mbali, na intaneti mbali. Ni mambo mawili. Hamisha faili kubwa kati ya mashine mbili ujue hali ya nyaya zako. Kisha pima intaneti asubuhi na jioni ujue hali ya daraja.

Acha vifaa vijichagulie mwendo vyenyewe, ncha zote mbili. Mtu akikushauri ulazimishe kwa mkono, mwulize sababu. Akikosa jibu, mshukuru, uache.

Ukinunua waya, nunua wa shaba tupu, ulioandikwa Cat 5e au zaidi. Zipo nyaya rahisi ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Huvunjika upesi kwenye vichwa, na mwendo wake si wa kutegemea. Kwaruza uzi kwa kisu: ukiona weupe ndani, si shaba tupu. Waya mmoja usizidi meta 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Uvishe bomba la plastiki mahali panya wapitapo, na usiufunge bega kwa bega na waya wa umeme.

Tena, hapa milimani radi si mgeni. Waya wa shaba uliokatiza ua ni njia ya radi kuingia nyumbani. Mawingu yakikusanyika, chomoa waya wa ng'ambo ya ua katika ncha zote mbili, na chomoa visanduku vyote katika umeme. Mvua ikishaanza kunguruma usiishike tena. Kompyuta hununuliwa, mtoto hanunuliwi.

Na habari ya mashine kuukuu: usiitupe kwa sababu ya mwendo wa waya wake. Kwa kuandika barua na hesabu, megabiti 100 ni nyingi kuliko zitakazohitajika. Jambo la kuangalia ni lingine, nalo ni usalama. Kwa mfano, Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyopata marekebisho ni kama nyumba yenye kufuli mbovu. Mwite fundi mwaminifu aiwekee mfumo ambao bado hutunzwa. Ipo ya bure, kama Linux, ambayo mashine nyingi za zamani huibeba bila taabu. Hiyo ndiyo sababu ya haki ya kuishughulikia mashine ya mzee wako.

MWISHO WA KISA

Tulimaliza jua likiwa limezama. Yule kijana alikaa kimya kidogo, kisha akapiga magoti mbele ya babu yake, akasema, "Babu, nilikuonea." Mzee akamwinua kwa mkono, akamwambia: "Hukunionea wewe peke yako. Nami nilisema 'ichomoeni' bila kuuliza. Miaka thelathini na tano nimewafundisha watoto wa watu kwamba hesabu haikubaliwi mpaka uonyeshe njia yake. Kwangu mwenyewe nikasahau."

Wakapatana hivi: kutoka saa 12 jioni hadi saa 4 usiku daraja ni la wasomi na hesabu za kahawa. Picha za arusi husafiri baada ya hapo, kijana akiwa amelala, na alfajiri zimefika. Binti alituma vyeti vyake usiku ule ule, vyote, bila kukatika. Siku tatu baadaye maombi yake yalikuwa yamekamilika, na dirisha bado lilikuwa wazi.

Na magunia mawili? Mzee aliketi mbele ya mashine yake kuukuu, akafungua orodha za mizani, akayakuta mstari wa kumi na tisa. Asubuhi yake alivaa koti, akaenda mwenyewe kwa miguu mpaka kwa mama yule mjane, akamwonyesha karatasi, akamwomba radhi. Mama yule alimpa kiti na ndizi za kuchoma.

Nami nilipopita juzi nilimsikia kijana akimwelekeza mwenziwe njiani: "Usimlaumu mtu, pima kwanza." Nikafurahi kuliko kama ningelipwa.